Kadhi wa Chuma

Shafti ya tatu nayo ikagoma.

Ndegwa aliipaka oili, akaisimamisha kwenye mdomo wa tundu, akaisukuma kwa kiganja. Wapi! Akaizungusha, akaibembeleza, akaisukuma tena mpaka kiganja kikawa chekundu. Wapi! Akaitolea maneno ya Kikuyu ambayo mzee wa kanisa hatakiwi hata kuyafahamu. Shafti ya kwanza ilikataa kuingia. Ya pili iliingia lakini ikapwaya, ukiigusa inatikisika kama jino la mtoto. Na sasa hii ya tatu, iliyotoka Spring Valley ikapitia mjini hadi Mutuini ikiwa imeviringishwa gazeti na mifuko miwili ya nailoni, imekuja kuleta ubishi ule ule wa dada yake mkubwa.

"Na huyu ndiye daktari wa meno," Ndegwa alisema peke yake. "Mungu awalinde wagonjwa wake."

Ilikuwa Jumatano jioni. Jumamosi fundi wa ujenzi angekuja kuibomoa karakana aliyokuwa amesimama ndani yake.

Tuanze mwanzo, maana mtu akiona wanaume watatu wazima, wenye kazi zao na wake zao, wakigombana miaka mitatu kwa ajili ya tundu na kipande cha chuma, atadhani wamerogwa. Hawakurogwa. Walikuwa na ugonjwa wa kupenda mashine, ugonjwa usio na dawa wala bima. Hilo la bima Ndegwa alilijua vizuri, kwa kuwa alikuwa karani katika kampuni ya bima mjini. Wiki nzima alisoma madai ya watu walioibiwa magari, mengine yakiwa magari ambayo hayakuwahi kuwepo. Jumamosi alivaa ovaroli, akaingia kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, akawasha mashine kuukuu ya kukereza chuma aliyoinunua mnadani, na hapo ndipo alipojiona mtu.

Mwenzake mmoja, Mabruki, alikuwa na duka la makufuli na bawaba katikati ya mji, na mashine yake ndogo aliificha chini ya ngazi za stoo. Mwingine, Norman Muthama, alikuwa huyo daktari wa meno wa Spring Valley. Gari lake lililala nje kwenye umande kwa sababu gereji ilijaa vyuma. Walijuana kwenye mtandao, katika jukwaa la wapenda mashine wa Ulaya na Marekani, ambako siku moja wote watatu walilalamikia stima kukatika na kugundua kwamba ni stima moja. Wakaanza kuandikiana barua pepe. Kutoka hapo wakaingiwa na tamaa: watengeneze kifaa kimoja cha maana, kila mtu sehemu yake nyumbani kwake, na kikikamilika kiwe kinazunguka, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule.

Kazi ya kifaa chenyewe ni kugawa mduara sawasawa. Ukitaka kuchonga gia, unafunga chuma chako pale, unachonga jino moja, unakizungusha kwa kipimo, unachonga la pili, mpaka mduara uishe bila jino hata moja kumpunja mwenzake. Mabruki, mtu wa Pwani, alikipa jina. "Tukiite Kadhi," aliandika. "Kadhi hugawa mirathi, hana mpendwa hana mchukiwa." Ndegwa akapewa mwili wa Kadhi, ule wenye tundu. Norman akapewa shafti ya kupita tunduni. Mabruki akachukua sahani ya vitundu inayohesabu mizunguko, na kwa kuwa duka lake lilikuwa katikati, likawa ndiyo posta yao. Kuonana ana kwa ana kazini, wote watatu, hawakuwahi. Kila mtu alikuwa na shughuli zake, na barua pepe si zipo?

Miaka mitatu ikapita, na Kadhi hajaketi kitini.

Njambi, mkewe Ndegwa, alikuwa mvumilivu, lakini uvumilivu wake ulikuwa na macho. Alimjua mumewe kama alivyojua ng'ombe wake, nani hupiga teke na nani humwaga ndoo. Ibada ya kanisani kwao huanza saa tatu, naye kila Jumamosi alimwambia, "Kesho ibada ni saa mbili," maana alijua atachelewa. Ndegwa naye alijua kwamba saa mbili ya Njambi ni saa tatu, kwa hivyo alinyoa ndevu bila haraka. Tangu waoane walikuwa wakiingia kanisani wimbo wa pili ukiwa katikati, kila mmoja akimlaumu mwenzake kimoyomoyo.

Mwezi huo uvumilivu ulimwishia. Mutuini nzima ilikuwa ikijenga nyumba za kupangisha; kila ulikogeuka ni mawe na mchanga.

"Baba Nyawira," Njambi alimwambia mezani, "angalia kwa Waweru. Angalia kwa kina Nyakio. Hata mjane wa pale chini anajenga. Sisi hapo nyuma tumepanda nini? Vumbi ya chuma."

"Kadhi amekaribia kuisha."

"Kadhi alikuwa amekaribia kuisha Nyawira akiwa form two. Saa hii Nyawira amemaliza shule."

"Wahenga walisema usipoziba ufa..."

"Mimi sina ufa. Mimi nataka ukuta." Akasukuma sahani pembeni. "Na mimi si mtu mbaya. Ile mashine yangu ya kukatia ng'ombe nyasi, gia imevunjika meno, na town umezunguka yote hukupata. Hiyo kitu yenu inatengeneza gia, si ndiyo? Basi initengenezee. Fundi Zadock anakuja Saturday na kamba yake ya kupimia. Akipata gia inazunguka, karakana ikae hapo mpaka tuzeeke. Akipata stori, inashuka."

Ilikuwa haki, na hilo ndilo lililomuuma Ndegwa. Angekuwa ameonewa angalau angekasirika kwa raha.

"Basi nifungue hiyo mashine nihesabu meno," alisema.

"Wewe?" Njambi alicheka bila furaha. Mara ya mwisho Ndegwa kuifungua, ng'ombe walikatiwa majani ya nepia kwa panga hadi mikono ya Njambi ikaota malengelenge, huku mume akitafuta washa, kipete cha bolti, iliyopotea. "Hapana. Nitaifungua mwenyewe."

Akaifungua, akaipangusa grisi, akapima upana wa gia kwa uzi, akairudisha ikiendelea kuchechemea na mapengo yake. Kisha akaja na uzi ule umefungwa fundo, na jino moja lililovunjika. "Upana ndio huu," alisema. "Meno ni ishirini na tano."

Sasa turudi Jumatano, kwa Ndegwa na shafti iliyogoma. Alitoa simu mfukoni, akampigia Norman.

"Boss, hiyo shaft nimeipima mara tatu," Norman alisema. "Micrometer yangu haidanganyi."

"Kwa hivyo tundu langu ndilo linadanganya?"

"Sijasema hivyo. Umesema wewe."

"Norman, tundu langu halina shida."

"Na shafti yangu pia haina shida. Wacha nikutumie ya nne, itafika Ijumaa kwa Mabruki."

"Ukinitumia ya nne nitaila!" Ndegwa alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika mlangoni. "Jumamosi asubuhi mje hapa. Wewe na Mabruki. Kama ni kugombana, tugombane tukionana. Na kila mtu abebe maikromita yake."

Jumamosi Zadock ndiye aliyefika kwanza, kama kawaida ya mtu anayekuja kukubomolea. Alikuwa na kamba, vigingi vya mbao na nyundo. Njambi akamkalisha juu ya tofali, akampa chai na nduma. Mabruki akafuata, kanzu juu, ovaroli kwenye mfuko, duka amemwachia mkewe Mahira. Mwisho akaja Norman, mrefu, mpole, mikono inanuka dawa ya kliniki. Alisalimia, akatazama mabati, akatazama mashine, akatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Ndegwa alitaka kumchukia akashindwa, na hilo nalo likamkera.

"Haya," Ndegwa alisema. "Shafti hii hapa, tundu hili hapa. Mabruki apime shafti ya Norman. Norman apime tundu langu. Mimi nitashika mchoro wetu wa vipimo."

Wakapima. Wakarudia kupima.

"Ndugu yangu Norman," Mabruki alisema taratibu, "hii ni nene kuliko mchoro."

"Na hii," Norman alisema, jicho kwenye tundu, "umeweka bushi, pete ya shaba, ndani, na ni ndogo kuliko mchoro."

"Kwa sababu shafti zako zilikuwa zimekonda!" Ndegwa alisema. "Ya pili si ilikuwa inacheza? Nikasema huyu mtu mkono wake umekuwa mwembamba, wacha nibane tundu kidogo."

"Ya pili niliikondesha kwa sababu ulisema ya kwanza ni nene! Na hii nikainenepesha kwa sababu ulisema ya pili inacheza!"

"Na hiyo ya kwanza kwa nini ilikuwa nene?"

Norman akaona haya. "Niliacha nyama kidogo. Ndiyo wewe umalizie mwenyewe, ikae vile unataka. Ilikuwa ni heshima."

"Heshima." Ndegwa alishika kichwa. "Na mimi nilipoona nimekuaibisha kwa kusema ni nene, nikapanua tundu kimyakimya. Hiyo pia ilikuwa heshima."

"Kwa hivyo mimi nilipunguza huku, wewe ukapanua huko." Norman akakunja uso. "Lakini bado, boss. Mimi nilitoa kitu ya unywele tu. Haiwezi kucheza vile ulisema. Ulisema unaweza kuingiza ukucha."

"Ningeweza kuingiza kidole."

Wote wawili wakageuka. Mabruki alikuwa akiyatazama mabati ya paa kwa makini, kana kwamba anatafuta pa kutokea.

"Mabruki," Ndegwa alisema.

"Msinitazame hivyo, ndugu zangu. Mlikuwa mnatukanana kwenye barua pepe wiki nzima. Mimi ndiye niliye katikati, roho inaniuma. Shafti ya pili ilipopita kwangu, nikasema, Mabruki, ipitishe msasa kidogo, iingie, watu wapatane. Wallahi nilitaka suluhu."

"Kidogo?"

"Kidogo cha asubuhi nzima."

Umewahi kukutana na mtu kwenye kijia chembamba kati ya mahindi? Wewe unampisha kulia, naye anakupisha upande huo huo. Unahamia kushoto, naye yuko kushoto. Mnabaki mkicheza ngoma bila mpigaji, kila mmoja akiona adabu yake tu. Ndivyo walivyofanya hawa watu kwa miaka mitatu, tena wakiwa na mchoro mmoja ulioandikwa namba wazi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezifuata. Wajinga wangemaliza kazi hii kwa wiki mbili. Ilihitaji watu wastaarabu kuiharibu namna hii.

"Mama," Zadock aliita huko nje, "nipige kamba ama nisipige?"

"Kunywa chai," Njambi alimjibu.

Ndegwa akavuta pumzi. Alikuwa na hasira na Norman, na Mabruki, na heshima yenyewe, na zaidi na nafsi yake, kwa kuwa ni yeye aliyeanza kulipanua tundu. "Kuanzia leo," alisema, "hakuna kumkadiria mwenzako. Mtu akisema kitu, tunafanya alichosema. Akikosea, kosa ni lake, tutamwambia usoni. Mmenisikia?"

"Tumesikia."

"Maikromita zote wekeni hapa."

Mabruki alivua kofia yake ya darizi, akazikusanya ndani, akaiweka juu ya rafu. Kisha wakafunga shafti kwenye mashine ya Ndegwa, na kwa mara ya kwanza wakafanya kazi mikono sita juu ya chuma kimoja. Norman aliendesha kisu, Ndegwa alishika mwili wa Kadhi, Mabruki alipangusa na kupaka oili. Wanakereza unywele, wanajaribu. Haiingii. Wanakereza tena, wanajaribu. Hakuna aliyeuliza namba. Saa nne ikapita, na Zadock akaongezewa nduma. Halafu, katika jaribio ambalo halikuwa na tofauti na mengine, shafti ikateremka tunduni polepole, kwa uzito wake wenyewe, ikipumua hewa iliyokuwa mbele yake, ikatulia.

Mabruki akasema Alhamdulillahi. Norman akavua miwani akaipangusa ingawa haikuwa chafu. Ndegwa aliitoa shafti, akaiachia iteremke tena.

Wakafunga sahani, wakamketisha Kadhi mahali pake, wakafunga chuma cha gia kilichokuwa kimekerezwa tayari kwa upana wa uzi wa Njambi. Hapo Norman akautazama uzi, akatazama chuma, akakuna shavu.

"Ishirini na tano?" alisema. "Kwa upana huu, na ukubwa wa lile jino, mimi ningesema ishirini na nne ingekaa vizuri. Labda mama alikosea kuhesabu."

"Norman," Ndegwa alisema, "tumekubaliana nini hapa?"

"Hakuna kukadiria."

"Mwenye mashine amesema ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Basi."

Wakachonga ishirini na tano. Kadhi aligawa kama alivyosifiwa: jino la mwisho lilipokutana na la kwanza, nafasi ilikuwa ile ile, huwezi kujua duara lilianzia wapi. Ndegwa akaipeleka gia bandani kwa ng'ombe akiwa ameishika kwa mikono miwili. Nyuma yake wakafuata daktari, mwenye duka, na Zadock, ambaye sasa alikuwa na hamu ya kuona angalau jambo moja siku hiyo likiisha.

Njambi akaifunga mwenyewe. Akashika mkono wa mashine, akazungusha. Ikasogea kidogo, ikakwama. Akarudisha nyuma, akazungusha tena. Ikakwama.

Miaka mitatu, na asubuhi hiyo nzima, na ile shafti ilivyoteremka! Ndegwa alitaka kumgeukia Norman, lakini Norman leo hakuwa na kosa, wala Mabruki. Hakukuwa na wa kulaumu, na hapo ndipo karakana ilipoanza kumwuma kweli, kama imeshabomolewa.

Zadock akakohoa. Akatoka, akashika kigingi cha kwanza na nyundo, akaenda kusimama kwenye pembe ya karakana. Maneno yalikuwa wazi, gia izunguke, nayo haikuzunguka.

Njambi alikuwa ameifungua tena. Aliikalia ndoo, akaiweka gia mapajani, akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, midomo ikicheza. Akamaliza. Akarudia upya.

"Mmechonga ishirini na tano," alisema.

"Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Sasa?"

Njambi hakuinua macho. "Ni ishirini na nne."

Norman akafungua kinywa. Mabruki akamkanyaga mguu.

"Nilikuongezea moja," Njambi alisema. "Nilijua utapunguza. Shelfu ya jikoni nilikuambia tatu ukaweka mbili. Nyumba ya kuku nilisema milango mbili, iko moja. Kila kitu nikisema, wewe unajua vizuri kuliko mimi. Nikasema wacha nitaje moja zaidi, akila moja ibaki sawa." Sasa akamtazama, na uso wake ulikuwa na hasira na kitu kingine kilichofanana na kicheko kilichopotea njia. "Baba Nyawira, tangu lini wewe hufanya vile umeambiwa?"

Ndegwa alikuwa na haki ya kupiga kelele, na kelele ilikuwa tayari kooni. Lakini lile swali lilimkuta uchi. Hakukuwa na jibu ila tarehe ya siku hiyo.

"Tangu leo," alisema.

Huko nje nyundo ikagonga kigingi mara moja. "Zadock!" Njambi aliita. "Ng'oa hiyo. Peleka kamba kule kwa migomba."

"Lakini gia haijazunguka, mama. Nimeona."

"Gia iko vile nilisema. Mimi ndiye sikusema vizuri." Akasimama, akakung'uta majani kwenye leso aliyojifunga. "Kwa migomba, nimekuambia. Nyumba zitakaa pale."

Kulikuwa na chuma kingine cha kuchonga. Walichonga ishirini na nne, na mchana ulipokuwa unainama nepia ilikuwa ikianguka bandani vipande vidogo visafi, na ng'ombe wakila bila kujua wamesumbua watu kiasi gani. Mabruki alirudi dukani. Norman alimchukua Kadhi, kwa kuwa kura ya mwezi wa kwanza ilimwangukia yeye, na Ndegwa alimsaidia kumbeba hadi garini akiwa amekunja uso kama anayempeleka mtoto bwenini.

Ndegwa alikuwa anafagia vyuma Njambi aliposimama mlangoni pa karakana, pale pale ambapo kwa kawaida alisimama kulalamika.

"Kesho ibada ni saa tatu," alisema.

Ndegwa akaacha kufagia. Saa mbili ya Njambi ni saa tatu, kwa hivyo saa tatu yake... Vidole vikaanza kuhesabu vyenyewe kwenye mpini wa ufagio.

"Wacha kuhesabu," Njambi alisema. "Nimesema saa tatu."